Kabla ya Kumwita Mkaidi

Mnyama wa kazi hubadilika mbele ya macho yetu, nasi hukimbilia kumpa jina. Jana alisimama kimya akifungwa mzigo. Leo anageuka, anauma kamba, anarusha teke mkono ukimgusa ubavuni. Wiki iliyopita alishuka mteremko bila kusukumwa. Leo anafika ukingoni na kusimama, miguu ameikita chini, hataki mbele wala nyuma. Tunasema amekuwa jeuri, amekuwa mvivu, ana kichwa kigumu, kisha tunatafuta fimbo. Hoja ninayoitetea hapa ni moja, na naamini inathibitika: tabia ya mnyama inapobadilika bila sababu ya wazi, swali la kwanza liwe anaumwa wapi, na swali la ukaidi lisubiri mpaka mwili wake uwe umekaguliwa tangu meno hadi kwato. Sisemi kwamba kila teke ni kilio cha maumivu. Nasema kwamba anayeanza na fimbo amekwishatoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, na kwamba gharama ya kosa hilo humwangukia mnyama kwanza, kisha humrudia mwenye mnyama.

Msomaji wa hapa Mkumbi, wilayani Mbinga, ana haki ya kuuliza habari za farasi zinamhusu nini. Katika milima hii ya Umatengo farasi hatumwoni. Mashamba yetu ya ngoro yamechimbwa kwa jembe la mkono kwenye miteremko mikali, na kahawa hushuka kwa kichwa cha mtu, kwa pikipiki au kwa gari. Ukiteremka hadi Liuli na Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, mambo ni yale yale. Sababu zinajulikana. Kuna ugonjwa wa virusi, ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao huua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga huku pundamilia wakiustahimili, na punda wa Afrika nao wakiuvumilia vizuri zaidi. Tena kuna mbung'o, ambaye kwa miaka mingi amewazuia farasi wasikae katika sehemu kubwa za kusini mwa Tanzania. Lakini farasi ndiye mnyama wa kazi ambaye maumivu yake yamechunguzwa kwa makini kuliko wengi, kwa kuwa nchi zinazompanda zina fedha na hospitali za kumchunguzia. Yaliyojulikana kwake yanatufaa sisi tulio na ng'ombe bandani na mbuzi kambani, na yanawafaa zaidi ndugu zetu wa Dodoma, Singida, Manyara na Arusha ambao punda ndiye anayewachotea maji na kuwabebea mavuno.

Ipo kumbukumbu ya kale, iliyoandikwa katika bonde la mto wetu wenyewe, inayoonyesha ugumu wa jambo hili. Tarehe 24 Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akianza safari yake ya mwisho barani Afrika. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India 3 na ndama wao, baghala 2 na punda 4. Alitaka kubeba mizigo, lakini alitaka pia kujua kama ngamia na nyati wa India wangestahimili kuumwa na mbung'o. Msafara ulifuata Ruvuma kuelekea bara, mto ambao chanzo chake ni vilima vya Matogoro karibu na Songea. Shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, zinasimulia jinsi wanyama hao walivyodhoofika mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wakiumwa na mbung'o, ndiyo. Lakini pia askari wa Kihindi waliokabidhiwa kuwatunza waliwapiga, waliwabebesha kupita kiasi, na kuwaacha na vidonda vibichi chini ya mizigo. Wengi wao walikufa njiani, kabla msafara haujafika ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa mwezi Agosti mwaka huo.

Kwa hoja yangu, uzito wa kumbukumbu hiyo uko katika kushindwa kwa jaribio lenyewe kuliko katika vifo. Livingstone alikuwa tabibu, tena mtu wa kutazama na kuandika kila siku, na bado hakuweza kutenganisha dalili za mbung'o na dalili za kipigo. Ngamia anayelala chini na kukataa kuamka anaweza kuwa na vimelea damuni, anaweza kuwa na nyonga iliyopigwa gongo, anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa anayemwangalia kutoka mbele ya msafara, mnyama huyo ni mvivu tu. Miaka kama 30 baadaye, katikati ya miaka ya 1890, David Bruce aligundua huko Zululand vimelea vya tripanosoma vinavyoletwa na mbung'o, na ndipo damu yenyewe ilipoanza kutoa ushahidi chini ya hadubini. Katika msafara wa Ruvuma fimbo ilikuwa imekwishaharibu ushahidi. Kila pigo liliongeza maumivu mapya juu ya ya zamani, mpaka hakuna aliyeweza kusema mnyama alianza kuumwa lini na kwa sababu gani. Huu ndio ubaya wa kuanza na adhabu: zaidi ya ukatili wake, adhabu hufuta alama ambazo zingetuongoza kwenye chanzo.

Ili kuelewa kwa nini maumivu hujitokeza kama tabia mbaya, ni lazima kukumbuka wanyama hawa wametoka wapi. Farasi na punda wametokana na wanyama wa kuwindwa. Katika nyika, anayechechemea waziwazi ndiye simba anayemchagua, hivyo vizazi vingi vimejengwa kwenye uwezo wa kuficha udhaifu. Farasi hutegemea mbio, kwa hiyo akiumwa hustuka, hukimbia, huruka. Punda ana mkakati mwingine. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba alifugwa mara moja tu, yapata miaka 7,000 iliyopita, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, ambako wazee wake walizoea mawe, ukame na maeneo yasiyo na kundi kubwa la kujificha ndani yake. Akiona hatari husimama na kupima kwanza. Akiumwa hunyamaza. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaragara, huparua ardhi na kuutazama ubavu wake. Punda mwenye ugonjwa ule ule anaweza kusimama tu kichwa chini, ameacha kula. Mwenye punda akisema leo amepoa, kumbe anaeleza hali ya hatari. Tena punda aliyeacha kula huanza kuyeyusha mafuta ya mwili na kuyamwaga kwenye damu, na hali hiyo inaweza kumwua ndani ya siku chache hata kama tatizo la kwanza lilikuwa jino tu.

Je, tuna ushahidi gani kwamba mabadiliko hayo ni maumivu kweli? Ushahidi wa kwanza uko usoni. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Emanuela Dalla Costa wa Milano walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa farasi, baada ya kuwalinganisha farasi kabla na baada ya kuhasiwa. Walibainisha sehemu sita: masikio yaliyokazwa na kuelekea nyuma, kope zilizoshuka na kubana jicho, mkazo juu ya jicho, misuli ya kutafunia iliyotuna, mdomo uliobanwa hata kidevu kikajitokeza, na pua iliyokakamaa. Kila sehemu hupewa 0, 1 au 2, kisha alama hujumlishwa. Thamani ya kazi hiyo ni kwamba maumivu hayakukisiwa. Sababu yake ilijulikana, saa yake ilijulikana, na uso wa mnyama yule yule ulionekana kabla na baada. Mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kujifunza kuzitafuta sehemu hizo sita, awe Milano au Mbinga, bila mashine.

Ushahidi wa pili ndio ninaouona mzito kuliko wote, kwa sababu unajibu moja kwa moja shutuma ya ukaidi. Sue Dyson, daktari wa mifupa ya farasi nchini Uingereza, na wenzake waliorodhesha tabia 24 zinazoonekana mtu anapompanda farasi: kupiga mkia, kufungua mdomo mara kwa mara, kuinamisha kichwa upande, kukataa kwenda mbele, kukimbia bila kuamriwa, kujikwaa, kurusha miguu ya nyuma, na nyinginezo. Katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 2018 walionyesha kwamba farasi mwenye tabia 8 au zaidi kati ya hizo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu ya viungo au misuli. Kisha wakafanya jambo la busara. Waliwachoma farasi wanaochechemea sindano ya ganzi penye neva ya mguu uliotiliwa shaka, wakawapanda tena papo hapo. Nyingi kati ya zile tabia zilizoitwa mbaya zilipungua au kutoweka. Hakuna mafunzo yaliyotolewa kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, hakuna fimbo, hakuna zawadi. Kilichoondolewa ni maumivu tu. Kama ukaidi ungekuwa asili ya mnyama, ganzi kwenye kifundo cha mguu isingeufikia.

Kutokana na maarifa ya aina hiyo, na ya wafugaji waliokaa na wanyama muda mrefu, tunaweza kufuata mabadiliko hadi kwenye viungo. Anayeangusha majani aliyotafuna nusu, anayeinamisha kichwa upande mmoja anapokula, au anayepigana na hatamu ilhali zamani aliikubali, afunguliwe kinywa: meno ya farasi na punda huendelea kuchomoza kwa miaka mingi, yakiliwa bila usawa hutoa ncha zinazochana shavu na ulimi. Anayezama mgongo au kung'ata hewa wakati wa kufungwa matandiko apapaswe mgongo na kifua, kwa kuwa shogi lililokaa vibaya au kamba nyembamba huua nyama chini ya ngozi kabla kidonda hakijatokea juu. Anayekereka mkanda unapokazwa tumboni anaweza pia kuwa na vidonda vya tumbo, maana tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, ale asile, na njaa ya muda mrefu humchoma mwenyewe. Anayekataa mteremko, anayegeuka kwa shida, anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, au anayesimama ameegemea nyuma kama anayeogopa vidole vyake, ashikwe kwato: joto lisilo la kawaida na mpigo wa nguvu wa mshipa juu ya kwato ni dalili za uvimbe wa ndani au usaha. Kwa punda jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi zenye mvua nyingi kama milima ya kusini, kwa kuwa kwato zake zimeumbwa kwa ardhi kavu na hulainika na kuoza zikikaa kwenye tope. Na anayejitenga na wenzake, asiyelala chini siku nyingi au anayelala kupita kawaida, huyo anasema kwa mwili mzima.

Pingamizi la kwanza ni la haki, nalo hutolewa na watu wenye uzoefu: wapo wanyama wenye tabia mbaya kweli. Mnyama hujifunza. Akirusha teke na mzigo ukaondolewa, amejifunza kwamba teke hulipa. Wengine waliletwa kazini wakiwa wachanga mno, wengine waliogopeshwa, wengine hawakuwahi kufundishwa wanachotakiwa kufanya. Nakubali yote hayo. Lakini angalia kwamba pingamizi hili halizungumzii mabadiliko. Mnyama ambaye amekuwa mgumu tangu aletwe ni swali moja. Mnyama aliyekuwa mwema miaka kadhaa kisha akageuka ndani ya wiki mbili ni swali lingine, na hakuna mwalimu aliyemfundisha ubaya katika wiki hizo mbili isipokuwa kitu kilichotokea mwilini mwake au mazingira yake. Tena tabia nyingi mbaya zilizojifunzwa zilianza na maumivu: kidonda cha mgongo kilipona, hofu ya matandiko ikabaki. Hata huyo hawezi kurekebishwa na mtu asiyejua hofu ilianzia wapi. Basi ukaguzi wa mwili unabaki wa kwanza, hata pale ambapo jibu la mwisho litakuwa mafunzo.

Pingamizi la pili husikika zaidi njiani kuliko vitabuni: mbona ukimchapa anakwenda? Kama angekuwa anaumwa kweli, wanasema, asingeweza kutembea. Hoja hii inaonekana kuwa na nguvu kwa sababu matokeo yake huonekana papo hapo. Lakini kinachothibitishwa na fimbo ni kwamba mnyama anaogopa fimbo kuliko anavyoogopa mguu wake. Mtu mwenye kifundo kilichoteguka hukimbia akifukuzwa na nyuki; hakuna anayesema kifundo kimepona. Hata uchechemeaji wenyewe hufichika mnyama anapostuka, kwa kuwa hofu hutuliza maumivu kwa muda mfupi, kisha maumivu hurudi na jeraha likiwa limeongezeka. Tumezoea kusema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Anayeishi kwa kutegemea punda anajua kwamba kuna mzigo mwingine kesho, na wa keshokutwa, na kwamba punda aliyekufa leo amefikisha mzigo mmoja tu. Vilevile twasema shukrani ya punda ni mateke, kana kwamba teke ni malipo ya wema. Mara nyingi teke ni jibu la mkono uliogusa penye kidonda.

Pingamizi la tatu ni la kifikra na linastahili jibu pana. Mnyama hasemi, basi yote haya ni makisio. Tunampa hisia zetu sisi. Tahadhari hiyo ina msingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 farasi mmoja wa Berlin aliyeitwa Hans alisifiwa kwa kujua hesabu, akigonga kwato mara tano kwa tatu na mbili, mpaka mwaka 1907 Oskar Pfungst alipochapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba farasi alikuwa akisoma miondoko midogo ya kichwa ya aliyemwuliza, ambayo mwulizaji mwenyewe hakujua anaifanya. Watu waliona walichotaka kuona. Lakini fundisho la Hans lina upande wa pili: mnyama anayeweza kuona mtikisiko wa kichwa usioonekana na wanadamu ana uwezo mkubwa wa kuhisi na kusoma miili, na sisi ndio tuliokuwa vipofu. Zaidi ya hayo, kutosema hakujawahi kuwa ushahidi wa kutoumwa. Hadi miaka ya 1980 katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani watoto wachanga walifanyiwa upasuaji kwa ganzi hafifu, kwa imani kwamba hawahisi maumivu kama watu wazima. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha majaribio yao yaliyoonyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa kamili ya maumivu wakati wa upasuaji walipata mshtuko mdogo wa mwili na matatizo machache baadaye. Kilio kilikuwepo siku zote; kilichokosekana ni wataalamu waliokubali kukihesabu. Nani kati yetu angependa kurudia kosa hilo kwa kiumbe kingine kwa sababu tu hana maneno?

Tena ipo sababu ya kimaumbile inayofanya tuyakose maumivu hata tukiwa karibu. Mwaka 2020 Catherine Torcivia na Sue McDonnell walichapisha utafiti wao juu ya farasi waliolazwa hospitalini na kurekodiwa kwa kamera. Mtunzaji alipoingia bandani, dalili za maumivu zilipungua sana, alipotoka, zilirudi. Mnyama mwenye asili ya kuwindwa huacha kuumwa hadharani pale kiumbe kingine kinapomkaribia. Kwa hiyo yule anayesema nimemtazama, hana kitu, inafaa aulizwe alimtazama akiwa wapi. Kumkagua kwa mkono ni lazima, lakini kabla ya mkono yafaa kumtazama kwa mbali, akiwa hajui, kwa muda wa kutosha.

Pingamizi la nne ni la umaskini, nalo ndilo linalonigusa zaidi kwa kuwa ni la kweli. Bwana mifugo yuko mbali, dawa ni ghali, na familia inayoishi kwa safari za punda haiwezi kumpumzisha kila anapopindisha sikio. Lakini tugawanye gharama. Kutazama hakulipiwi. Kushika kwato nne na kulinganisha joto lake ni kazi ya dakika chache. Kutoa jiwe lililokwama, kuosha kidonda kwa maji safi yenye chumvi, kuweka gunia nene chini ya shogi, kupunguza mzigo kwa siku tatu: hayo yote yako ndani ya uwezo wa nyumba nyingi. Usaha ndani ya kwato ukigunduliwa mapema hufunguliwa na mtaalamu na mnyama hurudi kazini. Ukipuuzwa hupanda juu na kuharibu mfupa, na hapo hakuna fedha itakayotosha. Kidonda kidogo kilichoachwa huweza kualika pepopunda, ugonjwa ambao farasi na punda wako katika hatari ya kuupata kuliko wanyama wengi. Kwa maskini, basi, ukaguzi wa mapema ni akiba. Lamu, ambako njia nyembamba za mji humfanya punda kuwa ndiye gari la mawe, mchanga na maji, shirika la Donkey Sanctuary lilianzisha kituo cha tiba mwaka 1987, nao wenye punda huwaleta wanyama wao. Wenye punda hao si matajiri. Huwaleta kwa sababu punda mzima ndiye mtaji.

Nchi yetu nayo imekwishasema neno. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama ana haki ya kutoteswa na maumivu, majeraha na magonjwa. Sheria hiyo haitafika kwenye zizi la Mkumbi kwa miguu yake. Itafika kama sisi wenye mazizi tutaitafsiri kwa vitendo, na hapa ndipo habari za farasi zinapogeuka kuwa habari zetu. Ng'ombe wa maziwa anayefungiwa bandani, aliyekuwa akisimama kwa utulivu akikamuliwa, akianza kurusha mguu na kumwaga ndoo, hufungwa kamba miguuni na kuitwa mkorofi. Mara nyingi kiwele chake kinawaka moto. Kamua matone ya kwanza kwenye chombo cheusi na utazame kama kuna mabonge au maji. Gusa kila robo ya kiwele na ulinganishe joto na ugumu. Ng'ombe anayepinda mgongo akitembea na kuchelewa nyuma ya wenzake ana kwato zinazouma, na maziwa yake yatashuka kabla hujamwona akichechemea. Mbuzi aliyezoea kuwa mbele akibaki nyuma ya kundi, na nguruwe asiyenyanyuka chombo cha chakula kinapogongwa, wote wametoa taarifa mapema kuliko dalili yoyote ya kitabuni. Na kwa nguruwe, kwa kuwa homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, saa chache za kumtenga na kumwita bwana mifugo zinaweza kuokoa mabanda ya jirani wote.

Msingi wa yote ni kuijua kawaida. Mabadiliko hayawezi kuonekana na mtu asiyejua mnyama wake alikuwaje akiwa mzima: hula kwa muda gani, husimama namna gani, huitikia nani, hulala upande upi, hupumua mara ngapi kwa dakika akiwa ametulia. Maarifa haya huwa nayo mtoto anayepeleka majani jioni, au mama anayekamua alfajiri, kuliko baba mwenye jina la mwenye mifugo. Kwa hiyo nyumba inayotaka kusikia maumivu mapema iwasikilize hao. Mtoto akisema leo hakunijia kama kawaida, asijibiwe aende akacheze. Afuatane na mkubwa warudi bandani, watazame kwa mbali kwanza, kisha wakague kinywa, mgongo, tumbo, kiwele na kwato, na waandike au wakumbuke walichokiona ili bwana mifugo akifika apewe habari yenye mwanzo. Taarifa ya siku tatu zilizopita humsaidia mtaalamu kuliko kelele za dharura ya leo. Na pale ukaguzi wa nyumbani usipoonyesha kitu huku tabia ikiendelea, hilo peke yake ni sababu ya kumwita anayejua zaidi, kwa kuwa meno ya nyuma, tumbo na damu havionekani kwa macho.

Atakayeshika utaratibu huu atakosea mara nyingine. Atampumzisha mnyama mzima siku mbili, atamwita bwana mifugo kwa jambo dogo, atachelewesha mahindi sokoni. Kosa hilo lina mwisho na hasara yake inahesabika. Atakayeshika utaratibu wa fimbo kwanza atakosea pia, na kosa lake halina mwisho unaojulikana: jeraha litakua, hofu itakua, mnyama atakuwa wa hatari kwa watoto wa nyumba ile ile, na siku atakapoanguka hakuna atakayejua chanzo, kama ambavyo hakuna aliyeweza kukijua katika msafara wa Ruvuma mwaka 1866. Kati ya makosa mawili, mwenye akili huchagua lile linaloweza kurekebishwa. Viumbe hawa wametupa nguvu zao, maziwa yao na watoto wao, na hawana njia nyingine ya kutueleza wanachopata isipokuwa kubadilika. Tunapomkuta mmoja wao amebadilika, tuiweke fimbo chini, tuchukue taa na maji, tuanze na kwato.